UZI: Ua la ndani limerefuka mpaka linaanguka? Usilitupe, chukua kisu

Mwenye Vyungu (mleta mada):

Wakuu, salaam.

Nyumba nyingi ninazoingia nakuta kitu kilekile. Ua la pesa limeanzia kwenye kopo juu ya kabati la vyombo, limepita nyuma ya televisheni, limepanda fremu ya dirisha, na safari yote hiyo ni shina tupu. Majani yamebaki matatu kule mwisho. Mwenye nyumba anajivunia urefu, lakini ua lenyewe linamkera. Ukimwambia alikate anashtuka: "Si litakufa?"

Halifi. Kinachoua maua ya ndani huku kwetu ni maji ya kila siku kwenye chungu kisicho na tundu. Kisu hakina kesi, mradi ujue pa kukipitisha, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwanza, kwa nini linarefuka. Ua likikosa mwanga linarefusha shina kuutafuta, majani yanakuwa madogo na yanaachana mbali mbali. Sebule zetu ni giza kwa ua hata kama wewe unasoma gazeti bila taa. Hesabu mwenyewe: nondo za dirisha, wavu wa mbu, pazia jepesi, pazia zito, halafu nje ukuta wa jirani. Ukikata bila kulisogeza kwenye mwanga, baada ya miezi michache unarudi palepale.

Na hapa kwenye mwanga pana mtego. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanakwambia weka ua dirisha la kusini. Kwao ni sawa, jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la mchana linapita kaskazini yetu, mwezi wa kumi na mbili linapita kusini. Dirisha lililokuwa na jua Juni, Desemba halipati hata mstari. Kama hutaki kuhamahama na vyungu, tafuta dirisha la mashariki: jua la asubuhi linaingia miezi yote na haliunguzi majani. La magharibi liogope kidogo, jua la saa tisa la Dar linababua.

Vivyo hivyo wakikwambia "subiri majira ya kuchipua". Majira hayo hatuna. Kata mvua za masika au za vuli zinapoanza, hewa ikiwa na unyevu. Kwa Dar, Tanga na Mtwara hata mwezi mwingine wowote unakata tu. Wa Njombe, Lushoto na Arusha ndio waruke Juni mpaka Agosti, maana mizizi kwenye baridi inachelewa na kipandikizi kinaoza kabla hakijashika.

Sasa kisu. Chukua shina la ua la pesa, lipitishe vidoleni taratibu. Utahisi vifundo, kama vile vya muwa. Kitazame kifundo kimoja kwa karibu: upande mmoja kuna jani, au kovu la jani lililoanguka. Kwenye kwapa la jani hilo kuna jicho dogo lililolala. Upande wa pili kuna kinundu cha kahawia kigumu kidogo. Huo ni mzizi unaosubiri kupata maji. Kata chini ya kifundo, uache kama sentimita moja. Kipande chenye kifundo kimoja na jani moja kinatosha kuwa ua zima.

Kipande kisicho na kifundo ni takataka. Jani lenye kikonyo chake peke yake linaweza kukaa kwenye glasi ya maji miezi mingi likiwa kijani, hata likatoa mizizi, na watu wakafurahi. Shina halitatoka, kwa sababu jicho halipo. Sheria ni hiyohiyo kwa monstera, ile ya majani makubwa yenye matundu. Ukiuziwa jani la monstera lisilo na kifundo umenunua pambo.

Lile shina refu lisilo na majani nalo usilitupe. Likate vipande vya vifundo viwili viwili, vilaze juu ya udongo wenye unyevu, vizamishe nusu. Macho yataamka.

Na mama mwenyewe aliyebaki kwenye chungu? Muachie vifundo viwili au vitatu juu ya udongo. Ncha ya shina inatengeneza homoni iitwayo oksini, inayoshuka chini na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ikiondoka, kizuizi kimeondoka, na baada ya wiki chache unaona machipukizi mawili matatu mahali palipokuwa na kamba moja. Kisha vile vipandikizi vikishapata mizizi, virudishe kwenye chungu hichohicho, sita au saba pamoja. Ndiyo siri ya yale maua yaliyojaa mnayoyaona kwenye picha: si ua moja, ni vipande vingi chungu kimoja.

Ukitaka majani makubwa, lipandishe juu. Ua la pesa likiwa linaning'inia, majani yanapungua ukubwa; likipata nguzo ya kushika yanaongezeka. Kipande cha mbao kilichofungwa makumbi ya nazi kinatosha, mradi makumbi yalowane mara kwa mara.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni.

Kisiki Kibichi:

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali: mizizi ya kwenye maji inachukua muda gani, na nihamishie udongoni lini?

Mwenye Vyungu:

Kwa joto la Pwani, wiki mbili mpaka nne. Hamisha mizizi ikifika sentimita tatu mpaka tano. Ukiiacha ikawa mirefu sana ndani ya maji, inazoea maji, na udongoni inayumba. Baada ya kuhamisha weka udongo na unyevu wiki ya kwanza na ya pili, kisha punguza.

Ila jamani, hizo chupa za maji. Dar imepata milipuko ya dengue 2014 na 2019, na mbu wake, Aedes, anapenda hasa maji masafi yaliyotulia: vyombo vya maua, visahani vya chini ya vyungu, ndoo. Anauma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haikusaidii sana. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku saba mpaka kumi. Badilisha maji kila baada ya siku tatu nne, na usimwage tu: sugua ukuta wa ndani wa chupa, maana mayai anayabandika juu kidogo ya maji na yanaweza kukauka yakakaa hai miezi. Chupa yenye mdomo mwembamba ziba pembeni ya shina kwa pamba.

Babu Makumbi:

Mimi napinga kidogo. Maji ni kwa wenye haraka ya kuona mizizi. Nimefanya kazi ya kitalu miaka mingi, tunachomeka moja kwa moja kwenye mchanga na unga wa makumbi, nusu kwa nusu, kivulini. Mzizi unaotoka humo hauna haja ya kuzoeshwa tena. Na mbu hana pa kulala.

Mwenye Vyungu:

Babu, kwa kitalu sikubishii hata kidogo. Kwa mtu anayeanza napendekeza maji kwa sababu anaona kinachoendelea, hatakifukua kipandikizi kila asubuhi kukagua kama kimeota. Wengi wanaviua kwa kuvifukua.

Mchanga wenyewe uwe wa mtoni. Kuna wanaochota wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Ule una chumvi.

Ghorofa ya Tatu:

Mkuu, yangu ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia, zote, na maji nampa kwa kipimo. Nyumba yetu tunatumia maji ya kisima.

Mwenye Vyungu:

Yaonje. Visima vingi vya Dar, hasa karibu na bahari, vina chumvi, na chumvi inajikusanya kwenye udongo wa chungu kidogo kidogo kwa sababu haina pa kwenda. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, jibu umelipata. Kinga maji ya mvua. Mvua ikigoma, mara moja kwa mwezi kipeleke chungu bafuni, mwaga maji mengi, yale mazuri kadiri unavyoyapata, yapite na kutoka chini mpaka yatiririke vizuri, uache yachuje. Ndiyo maana nasema tundu. Ndoo ya rangi au kopo la maziwa si chungu mpaka utoboe chini kwa msumari wa moto.

Na ile kunyunyizia majani kwa kichupa kila asubuhi, kama uko Pwani, achana nayo. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Unawapa fangasi chakula.

Binti Chumbageni:

Asante kwa uzi. Mimi nina vayoleti ya Usambara, ile ya majani ya manyoya na vimaua vya zambarau. Chini imekuwa shingo tupu, majani yote juu, inalala pembeni ya chungu. Hiyo nayo naikata? Haina vifundo ninavyoviona.

Mwenye Vyungu:

Dada, umenigusa penyewe, na inapendeza swali hilo limetoka Tanga. Ua hilo dunia nzima ililipata kutoka huko kwenu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao, na 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitaalamu. Leo linauzwa madirishani Ulaya kote, na huku kwetu mtu akiliona anauliza limeagizwa wapi.

Shingo hiyo ni kawaida: majani ya chini yanazeeka na kuanguka, shina linabaki wazi. Kama shingo ni fupi, chini ya sentimita tatu, ikwangue taratibu kwa kisu butu mpaka lile ganda la kahawia litoke, kisha pandikiza upya ua likiwa chini zaidi, shingo yote ifunikwe na udongo. Itatoa mizizi pembeni. Kama ni ndefu, kata shingo, bakiza kama sentimita mbili tatu chini ya majani, ondoa majani ya nje, ichomeke kwenye udongo mwepesi na uifunike kwa chupa angavu ya maji iliyokatwa kitako, kwa wiki kadhaa.

Na majani uliyoyaondoa ndiyo mbegu yako. Hili ni mojawapo ya maua yanayovunja sheria yangu ya kifundo. Jani na kikonyo chake cha sentimita mbili au tatu, kilichokatwa mshazari, linachomekwa udongoni na baada ya miezi miwili mitatu watoto wanatoka chini yake. Mwagilia kwa chini, weka maji kwenye kisahani linywe kisha umwage yaliyobaki. Maji baridi yakigusa majani yanaacha mabaka.

Tafadhali msiende kuyang'oa Amani wala kwingine msituni. Huko yanaota kwenye miamba yenye kivuli, na misitu ikipungua nayo yanapungua.

Mwana wa Kihamba:

Wakuu, juzi nimeingia ofisi moja Posta nikakuta masale kwenye chungu cha kauri, yamefika dari! Kwetu Kilimanjaro hilo ni isale, tunapandia mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na ukimkosea mtu ukaenda na isale kuomba msamaha, hana namna. Mjini watu wanatoa hela kulinunua.

Mwenye Vyungu:

Ndilo hilohilo, dresina. Na kwa sababu kihambani mnalichomeka tu likaota, unajua lilivyo sugu. La ofisini lililofika dari likate kwa urefu unaotaka, hata kiunoni. Chini ya palipokatwa yatatoka machipukizi mawili au zaidi. Ile ncha yenye majani, punguza majani ya chini, ichomeke udongoni. Gogo la katikati likate vipande vya sentimita kumi na tano hivi, ila kila kipande kiwekee alama juu ni wapi. Ukikipanda kichwa chini hakitaota. Mimi huwa nakata upande wa chini mshazari na wa juu bapa, basi sipotei.

Kisiki Kibichi:

Na lile la majani marefu yaliyosimama wima, kingo za njano? Langu limepasua chungu cha plastiki.

Mwenye Vyungu:

Sanseveria. Limepasua kwa sababu shina lake halionekani, linatembea chini ya udongo na linasukuma. Hilo usikate majani, ligawe. Toa lote, kung'uta udongo, utaona mashina manene ya rangi ya machungwa hivi yanayounganisha mafungu. Kata kati ya fungu na fungu, acha vidonda vikauke siku moja mbili, panda.

Unaweza kulizalisha kwa vipande vya jani pia, sentimita saba mpaka kumi, ila subira iwepo, ni miezi. Na zile kingo za njano zitapotea: mtoto anayetoka kwenye kipande cha jani anakuja kijani mtupu. Ukitaka njano ibaki, ni kugawa tu.

Zamia ya ndani, lile la vijani vinene vinavyong'aa, nalo ligawe. Lina viazi chini vinavyotunza maji, ndiyo maana linavumilia kusahauliwa na linakufa kwa kumwagiliwa. Asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, Kenya, Tanzania bara na Zanzibar zikiwemo. Wakulima wa Uholanzi walianza kulizalisha kibiashara miaka ya 1990, ndipo likaingia kwenye maofisi ya dunia. Kijani kimoja ukikichomeka kinaota, kwanza kinatengeneza kiazi kidogo chini, lakini unaweza kungoja karibu mwaka kuona chipukizi.

Kanairo Baridi:

Salamu kutoka Nairobi. Nimekata pothosi, hilo ua la pesa lenu, mwezi wa saba, zote zimekuwa nyeusi chini. Maji nimebadilisha vizuri.

Mwenye Vyungu:

Julai Nairobi, mita karibu 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji ya kwenye chupa dirishani usiku yanakuwa baridi sana kwa ua la visiwa vya joto. Kata sehemu nyeusi mpaka ufikie kijani safi, weka chupa mahali penye joto ndani, watu wengi wanaweka juu ya friji karibu na nyuma. Ikishindikana, ngoja mvua za Oktoba.

Ghorofa ya Tatu:

Nimesikia asali, mdalasini, maji ya mchele, shubiri... Lipi linafanya mizizi itoke? Na mama mkwe anasema maua chumbani yanakunywa hewa usiku tutakufa.

Mwenye Vyungu:

Ua la pesa halihitaji hata kimoja. Kwa miti migumu nenda duka la pembejeo uulize unga wa kuoteshea mizizi. Ndani yake mna oksini ya kutengenezwa. Hivyo vingine viache jikoni.

Kuhusu mama, mwambie kwa heshima kwamba kweli ua linatumia oksijeni usiku, lakini kidogo mno. Shemeji anayelala pembeni yako anatumia zaidi ya vyungu vyote vya nyumba hiyo. Na upande wa pili msidanganywe kwamba yanasafisha hewa. Hayo yalitokana na majaribio ya NASA ya 1989 ndani ya maboksi yaliyofungwa kabisa. Uchambuzi wa 2019 uliyapima upya kwa nyumba za kawaida, ikaonekana ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ishindane na dirisha lililo wazi.

Kinachostahili hofu ni watoto wadogo. Ua la pesa, monstera, zamia na difenbakia, ile ya majani mapana yenye mabaka meupe, yote yana vijisindano vya kemikali ndani. Mtoto akitafuna mdomo unawaka na kuvimba, na difenbakia ndiyo kali kuliko zote. Ukikata vaa glavu, osha kisu, okota vipande vyote sakafuni.

Babu Makumbi:

Umesahau mpira. Ule wa majani mazito, ukikata unatoa maziwa. Ukiuchomeka tawi nene, mara nyingi linakataa.

Mwenye Vyungu:

Tawi nene la mpira usilichomeke, liotishe mizizi likiwa bado juu ya mti. Chini kidogo ya kifundo, ondoa ganda kuzunguka shina, upana wa sentimita mbili tatu, kwangua ule utelezi wa kijani mpaka uone mti mweupe. Futa maziwa. Zungushia unga wa makumbi uliolowa na kukamuliwa, kiasi cha ngumi, ufunge na plastiki angavu juu na chini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo mimi natumia ile plastiki ya kufungashia mashuka mapya. Mwezi mmoja mpaka mitatu utaona mizizi myeupe kwa ndani. Hapo unakata chini yake na unapanda mti mzima.

Babu Makumbi:

Sawasawa. Ongeza kitambaa cheusi juu ya plastiki, mizizi haipendi mwanga.

Kisiki Kibichi:

La mwisho mkuu. Kesho nasafiri kwenda Mbeya, nataka kumpelekea dada vipandikizi vya ua la pesa. Vitafika?

Mwenye Vyungu:

Vitafika. Gazeti lililolowa na kukamuliwa lizungushie vifundo, majani yabaki nje, vilaze kwenye boksi lenye matundu. Usiweke kwenye buti ya basi, kule kuna joto la kupika; pakata. Akivipokea avikate ncha upya na kuviweka kwenye maji usiku huohuo.

Kisiki Kibichi:

Basi ni saa kumi na mbili asubuhi. Nakata sasa hivi halafu naweka kwenye friji.

Mwenye Vyungu:

Kata sasa hivi. Friji hapana, majani yatakuwa meusi kabla hujafika Chalinze.